UZI: Baba alivyotusimulia kambi za Ceylon na Bara Hindi, 1943 hadi 1946

Mwana wa Keya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie kesho.

Baba yangu alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, kikosi namba 36, cha Watanganyika. Alifariki zamani, na mimi mwenyewe sasa ni mtu wa kuamkiwa shikamoo na mtaa mzima hapa Magomeni Mapipa. Kila wazee waliokwenda Bama (Burma, leo Myanmar) katika vita ya pili ya dunia wakitajwa, watu huuliza habari za vita: Mjapani alikuwaje, risasi zililiaje. Baba hakutusimulia hayo. Alitusimulia kambi. Alilala wapi, alikula nini, nani alikuwa jirani yake wa kitanda, nani alimfundisha kuandika jina lake. Nilipokuwa kijana niliona anakwepa maswali yetu. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba alikuwa anatupa kile alichokithamini. Naandika kabla sijasahau, na mwenye ya mzazi wake ayaweke hapa.

Alitoka Kisarawe, umri miaka ishirini hivi. Walipandishwa meli Kilindini mwaka 1943, hakuna aliyewaambia wanakwenda wapi. Walishushwa Colombo, kisiwa cha Ceylon, ambacho leo kinaitwa Sri Lanka. Huko ndiko ilikokuwa inakusanywa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru.

Alisema kitu cha kwanza alichokiona kambini kilikuwa makuti. Mabanda marefu, yamepangwa mstari, yote paa la makuti, na minazi imesimama nyuma yake kama ya kwao. Wenyeji waliyaita kajani. Ila baba, Mzaramo aliyekulia chini ya mnazi, aliona mara moja kwamba si kama yetu: kuti zima limepasuliwa katikati na kusukwa, kama makuti ya kumba tunayozungushia ua wa choo. Sisi paa tunaezeka kwa makuti ya viungo. Siku moja banda lao lilivuja, akaletwa mzee mwezekaji wa pale kijijini. Baba akakaa naye. Hawakuwa na hata neno moja la kusemezana. Baba akachukua kuti, akachambua majani, akaanza kuyakunja juu ya kijiti kimoja kimoja na kuyafunga. Yule mzee akamwangalia, akaweka chini la kwake, akashika kile kiungo, akakigeuza huku na huku, akakinusa. Kisha naye akasuka la kwao polepole ili baba aone mkono unavyokwenda. Wakakaa hivyo mpaka baragumu la chakula. Baba alipokuwa anasimulia hapa mikono yake ilikuwa inasuka hewani. Nimeiona mimi kwa macho yangu, si mara moja.

Vitanda vilikuwa karibu karibu. Kushoto kwake Mnyamwezi, kulia Mnyakyusa, mbele ya mlango Mhehe aliyekuwa anaota kwa sauti. Kabla ya hapo baba hakuwahi kukaa na Mnyakyusa. Kiswahili chao kilikuwa cha Keya, cha amri: simama, geuka, lete, beba. Baba akawa ndiye anayeulizwa neno. Usiku taa ikizimwa Mnyamwezi anauliza kutoka gizani, "Mpwani, ile hali ya moyo ukikumbuka kwenu, mnaiitaje?" Baba anajibu, "Majonzi." Au, "Hamu." Wanabishana lipi ni lipi mpaka koplo anawanyamazisha.

Chakula: unga wa mahindi, maharage, karanga, na bulibifu ya kopo. Baba kwao alizoea wali na mihogo, akawa anabadilishana biskuti na watu wa kijijini apate nazi na samaki mkavu. Sukari nyingi, chai nyingi. Ceylon chai ilikuwa kila mahali, milima mizima.

Halafu kuna shule. Jeshi lilikuwa na walimu wake Waafrika. Jioni baada ya kwata na mafunzo ya msituni, askari anayetaka kusoma anakwenda. Baba alijua Kurani na herufi za Kiarabu kidogo, lakini herufi za kizungu hakuzijua. Pale ndipo alipojifunzia. Barua zake za mwanzo kwa bibi aliandikiwa na mwenzake. Ilipofika zamu ya kuandika mwenyewe alikaa nayo siku tatu. Barua zote zilipita kwa ofisa azisome kwanza, kwa hiyo huwezi kutaja mahali wala kikosi. Akaandika mistari minne tu, nami naijua kwa moyo kwa sababu bibi aliihifadhi kisandukuni na mimi ndiye niliyekuwa namsomea: "Mama, mimi mzima. Huku wanaezeka makuti ya kumba. Nazi zao kama zetu. Barua hii nimeandika kwa mkono wangu."

Niseme na lililomuuma. Keya ilikuwa na daraja zake kama nyumba yenye milango miwili. Chakula cha Mzungu mbali, chake mbali, mshahara hivyo hivyo. Mwafrika hata awe hodari vipi, hakuvaa nyota ya uofisa begani. Baba hakulalamika sana juu ya chakula. Nyota ndiyo iliyomkera, na sababu yake nitaieleza nikifika Bara Hindi.

Katikati ya 1944 walihamishwa kwenda Imphal, Bara Hindi, na kutoka hapo kuteremka bonde la Kabaw la Bama, katikati ya masika. Matope, malaria, ruba wanaoingia mpaka ndani ya viatu, vidonge vya manjano vinavyogeuza ngozi rangi, chakula kinadondoshwa na ndege. Desemba 1944 divisheni ikafika Kalewa, mto Chindwin, pakajengwa daraja la chuma la futi 1,154, la aina yake wakati ule hakuna lililolizidi kwa urefu duniani. Baba alilivuka. Kuhusu yale ya njiani, akifika bonde la Kabaw alikuwa ananyamaza na kuomba maji ya kunywa. Yule Mhehe hakuvuka daraja.

Naishia hapa kwa leo. Sehemu ya Kalieni, kambi yao ya Bara Hindi, inakuja.

Kota za Lugalo

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili.

Umetaja Kalewa nikashtuka. Mimi nimezaliwa kota za jeshi, barabara ya Bagamoyo, baba yangu alikuwa Keya ya baadaye, iliyogeuka Tanganyika Rifles tulipopata uhuru 1961. Kambi yetu zamani haikuitwa Lugalo, iliitwa Colito. Na ya Tabora iliitwa Kalewa. Utotoni tukitamka "Kolito" tulidhani ni neno la Kizaramo. Kumbe Colito ni mahali Ethiopia, Keya ya Tanganyika ilipigana hapo na Waitaliano Mei 1941. Kwa hiyo askari aliyekuwa analala Tabora alikuwa analala ndani ya jina la mji wa Bama, kando ya mto aliouvuka baba yako.

Baadaye kambi yetu ikapewa jina Lugalo, pale Iringa ambapo Wahehe wa Mkwawa walikivunja kikosi cha Mjerumani Zelewski Agosti 1891. Nafurahi kwa jina hilo. Lakini nimewaza leo: tulipolifuta Colito, wale waliokufa kule walibaki wanatajwa wapi? Majina yale Waingereza waliyaweka kwa fahari yao, ndiyo, ila damu ilikuwa ya kwetu pia.

Maasi ya askari yaliyotokea Colito Januari 1964 siyagusi, yale yanataka uzi wake.

Mwana wa Keya

Marahaba mwanangu. Habari ya Kalewa ya Tabora baba aliijua. Aliposikia mara ya kwanza kwamba kuna kambi yenye jina hilo aliuliza, "Wamepanda minazi?" Hatukumwelewa.

Bi wa Temeke

Assalaam aleikum wazee wangu. Mimi sina simulizi, nina swali tu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa mizinga, Kikosi cha 301. Alipanda meli Kilindini Februari 1944, meli inaitwa Khedive Ismail, inakwenda Colombo huko huko ulikosema. Tarehe 12 Februari manowari ya Kijapani ikaipiga karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa Afrika Mashariki, na wauguzi wa kike wengi sana wakiwemo. Waliookolewa ni mia mbili na kidogo.

Mama yangu alizaliwa 1943, hakumwona baba yake. Bibi alikaa eda bila kaburi na bila siku kamili ya kuhesabia, kwa sababu taarifa ilichelewa. Mpaka anakufa hakuwa analia kuhusu bahari. Alikuwa anauliza: huko walikokuwa wanampeleka, angekaaje? Angelala juu ya nini? Kuna wa kusali naye? Angekula wali? Sisi hatukuwa na jibu. Jeshi lilileta karatasi, na karatasi haikuyasema hayo.

Mzee wangu, kama baba yako aliwahi kusema, tafadhali niambie. Mama bado yupo, nitamsomea.

Mwana wa Keya

Wa aleikum salaam binti yangu. Nimekaa na ujumbe wako tangu jana, nikampigia simu dada yangu Mbagala tukumbushane, nisije nikakuongezea kitu ambacho baba hakukisema.

Kulala: vitanda vya kamba na fito kwenye yale mabanda ya makuti, blanketi la jeshi, chandarua. Baba alisema usiku kulikuwa na upepo wa bahari na sauti ya minazi, na ukifumba macho unaweza kujidanganya uko Mbwamaji. Kusali: ndiyo. Waislamu walikuwa wengi katika Keya, walitandika mikeka yao nyuma ya mabanda, na kisiwani kuna Waislamu wenyeji wana misikiti yao tangu zamani. Idi ya kwanza baba alisali msikitini kijijini akiwa amevaa kaki, akakaribishwa wali na mchuzi wa nazi nyumbani kwa watu asiowajua. Alikula kwa mkono, hakuna aliyemshangaa. Alisema alikula huku machozi yanamtoka, na mwenye nyumba akadhani pilipili imezidi.

Wali, binti yangu: Ceylon ni nchi ya wali. Ya jeshi ilikuwa ugali, lakini ukitoka nje ya lango, wali upo kila nyumba.

Babu yako alikuwa anapelekwa huko. Mkate wa jeshi mgumu, ndiyo, na kazi ngumu. Lakini mahali pale baba yangu alipapenda. Mwambie mama hivyo.

Bereti ya Buluu

Wakuu, heshima. Mimi ni wa juzi tu, nilikuwa Darfur, Sudan, na kikosi chetu cha Umoja wa Mataifa, Khor Abeche, 2013. Nimestaafu, naishi Gongo la Mboto. Nilikuwa nasoma kimya, lakini Bi wa Temeke amenifanya niandike.

Kule hakuna mnazi. Kambi ni makontena meupe yamepangwa kama mabati ya bandari, na kuta za vizimba vya waya vilivyojazwa mchanga. Vumbi likija linakuja kama ukuta mwekundu, unaliona mbali, mnafunga kila kitu na bado asubuhi unatema mchanga. Maji kwa kipimo. Jenereta halinyamazi usiku kucha, na mpaka leo umeme ukikatika mtaani na majirani wakawasha jenereta, mimi ndipo napata usingizi mzuri. Mke wangu ameshazoea.

Nje ya kambi kuna wakimbizi. Akina mama wanakwenda kuni, sisi tunawasindikiza doria. Kuna kibibi kimoja kilikuwa kinanipungia mkono kila asubuhi na kusema neno la Kiarabu, "sabah", na mimi nasema "sabahi", kwa sababu masikio yangu yalisikia sabalkheri ya kwetu. Ndiyo mazungumzo yetu ya mwaka mzima.

Tarehe 13 Julai 2013 doria yetu ilishambuliwa njiani, kiasi cha kilomita 25 kutoka kambini. Wenzetu saba walikufa, kumi na saba walijeruhiwa. Nyumbani mlisikia kwenye redio. Mimi nataka niseme ambacho redio haikusema: jioni ile hakuna aliyegusa vitanda vya marehemu. Kimoja kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka limevutwa, kandambili zimepangwa pamoja chini yake, kwa sababu mwenyewe alitoka akijua anarudi. Zile kandambili tulizipita siku kadhaa bila mtu kuzisogeza. Aliyekuja kukusanya vitu vyao alizibeba kwa mikono miwili, moja moja.

Bi wa Temeke, bibi yako aliuliza swali sahihi. Familia za wale wenzangu nazo ziliuliza hivyo hivyo. Mama mmoja aliniuliza kama mwanawe alikuwa anapata chai ya saa nne. Nikamwambia ndiyo, na yenye maziwa, kwa sababu ni kweli.

Kota za Lugalo

Afande, pole. Nimeshindwa kuendelea na kazi hapa ofisini.

Mwana wa Keya

Pole sana kijana wangu, na asante. Mungu awalaze mahali pema.

Naleta Kalieni sasa, niliahidi.

Vita iliisha 1945, Septemba Wajapani wakatia saini. Lakini askari huwezi kurudi kwa kuogelea, na meli zilikuwa na kazi nyingi. Watu wetu wakangoja Bara Hindi miezi na miezi. Baba alingoja katika kambi ya Kalieni, nje kidogo ya Bombay. Kungoja kule ndiko kulikombadilisha kuliko Bama, alisema mwenyewe. Vitani huna nafasi ya kuwaza. Kalieni asubuhi ni gwaride, usafi, kisha siku yote ni yako.

Na Bara Hindi ilikuwa inachemka. Watu wa Gandhi na Nehru wanataka nchi yao, maandamano mitaani, magazeti yanasomwa kwa sauti kwenye vibanda vya chai. Hapo ndipo ile habari ya nyota. Baba alimwona Mhindi, ofisa, nyota begani, na askari Mwingereza anamnyooshea mkono wa saluti. Alisimama njiani akaangalia. Akamwuliza yule Mnyamwezi wake, "Umeona?" Mnyamwezi akasema, "Nimeona. Usiniulize tena, nitashindwa kulala."

Wenye kujua historia ya mji huu wanajua kwamba Abdulwahid Sykes, kijana wa Dar es Salaam, naye alikuwa Keya na alikuwa Bama, na mdogo wake Ally vilevile. Baba yao, mzee Kleist, alikuwa mmoja wa walioasisi African Association hapa mjini 1929. Imesimuliwa miaka yote Kariakoo kwamba ilikuwa Kalieni, mwisho wa 1945, Abdulwahid na wenzake walipokaa wakapanga kwamba wakirudi Tanganyika lazima kiwepo chama cha siasa. Mwaka 1950 akawa katibu wa TAA, yaani Tanganyika African Association, ile ile ya baba yake. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa New Street, mtaa tunaouita Lumumba. Kadi namba moja ya Nyerere, namba mbili ya Ally, namba tatu ya Abdulwahid.

Baba hakuwa katika kikao hicho, na sitamweka mahali ambapo hakuwapo. Lakini katika banda lake walizungumza hayo hayo kwa namna yao. Mnyamwezi alikuwa anauliza: tukirudi, mimi nashuka treni Tabora, wewe unabaki Dar, huyu anakwenda Rungwe, basi imekwisha? Tumekula sahani moja miaka mitatu, tutakuwa tena watu wa makabila? Mnyakyusa akasema, "Mimi nikifika kwetu nikisema Mzaramo ni ndugu yangu watanicheka." Baba akamjibu, "Wacheke. Wewe sema."

Alirudi 1946. Akapata kazi bandarini, na mgomo wa makuli wa 1947 ulipozuka alikuwemo. Mnyamwezi alikuja kumtembelea mwaka 1958, mimi mtoto mdogo, nakumbuka mtu mrefu amekaa barazani kwetu na baba wanasema maneno ambayo hata mama hakuyaelewa, Kiswahili cha amri na cha utani, cha humo kambini mwao. Waliimba kidogo. Halafu wakanyamaza pamoja muda mrefu, na mama akaniambia nisiwasogelee.

Sanamu ya Askari pale mjini ni ya vita ile ya kwanza, ilisimamishwa 1927, lakini baba kila akipita hapo alisimama na kushusha kofia. Nilimwuliza kwa nini, na hawa si wa Bama. Akasema, "Nao walilala mbali."

Bi wa Temeke

Mzee wangu, nimemsomea mama. Tulikaa uani baada ya magharibi, nikasoma yako yote polepole, mpaka ya vitanda, Idi, na wali wa nazi nyumbani kwa watu.

Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe alikokuwa anakwenda kulikuwa na minazi."

Akaniambia nirudie, nianzie kwenye makuti.